Nguo ya Mashine

Mimi ni mtu wa usafi, na hilo hata wanaonichukia hawabishi. Nyumbani kwangu kuna kabati la vioo lenye vikombe ambavyo mume wangu hajawahi kunywea tangu tuoane. Akiuliza, namwambia hivyo ni vya wageni, na yeye si mgeni. Anacheka, anachukua kikombe chake cha bati, maisha yanaendelea. Kwa hiyo mashine ya oksijeni ilipofika kwenye zahanati yetu ya kanisa, ambako mimi ndiye matroni, inang'aa, vitufe vyake bado vimefunikwa nailoni, msinishangae kwa nilichofanya. Niliiweka kwenye chumba kidogo jirani na wodi ya watoto, nikafunga mlango, ufunguo nikauvaa shingoni.

Tulipewa na kanisa rafiki. Wao wako ng'ambo, sisi tuko hapa, na urafiki wenyewe ni wa tangu enzi za mchungaji aliyemtangulia huyu wa sasa. Wanatusaidia dawa, mafuta ya gari linalopeleka chanjo vijijini, na baiskeli za wainjilisti. Sisi tunawaombea kila Jumapili, na wakija tunawapokea mpaka wanaona haya. Habari ya mashine ilianzishwa na watoto wa shule yao ya Jumapili. Walioka keki wakauza, wakaosha magari ya watu, na ndani ya boksi wakatia picha waliyochora wenyewe: mtoto kitandani, bomba puani, anacheka. Picha hiyo nayo niliifungia mle mle.

Sasa kabla hamjanihukumu, ngojeni niwaambie habari ya darubini ya maabara. Hiyo ilitangulia. Tuliitumia kwa bidii hadi ikavunjika, na wageni walipokuja waliikuta imefungwa kwa plasta ya vidonda. Walitazamana tu, halafu wakapiga picha ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaapa kwamba zawadi nyingine ya watu wale haitachakaa mikononi mwangu. Mashine huvuta hewa ya kawaida, inaichuja na kutoa oksijeni, haitaki kitu ila umeme. Lakini tulikuwa na mtungi wetu wa chuma, ule wa kupelekwa mjini kujazwa, nami nikaamua kwamba mtungi unatosha. Mashine ni ya siku ya shida kubwa, nilisema. Na mwenye kuamua shida ipi ni kubwa nilikuwa mimi.

Nguo yake aliifuma Mama Pacha. Huyu ni mwanakwaya mwenzangu, anaimba sauti ya pili, na vitambaa vyake vimetandikwa kwenye kila kochi la mtaa wetu. Nilimwita, akaja na utepe wake wa kupimia, akaizunguka mashine kwa adabu kana kwamba anampima bibi harusi. Akaifumia kitambaa cheupe chenye maua kwenye pindo. Malipo aliyakataa. Alisema anataka mkono wake nao uguse kazi ya Mungu. Mapacha wake walikuwa wanatambaa sakafuni siku hiyo, wananyang'anyana ncha ya utepe, wote wawili.

Yule aliyetangulia kuzaliwa tulimzika wakati wa mvua. Aliletwa na homa ya mapafu, mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, na mtungi ulikuwa unaelekea kuisha. Muuguzi wa zamu alikuwa Kibonge, binti mnene mwenye mikono myepesi kuliko yetu sote. Alinifuata ofisini, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuifungue ile ya wageni. Nikamwambia mtungi bado una kitu, gari liko njiani linaleta mwingine, tuvute subira kidogo. Gari likachelewa. Mtoto akatutoka.

Msibani nilisema mtoto aliletwa akiwa amezidiwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama Pacha mwenyewe akaitikia, akaanza kujilaumu mbele ya wanawake wenzake kwamba angemwahisha, kwamba alipoteza muda akimkanda kwa maji ya uvuguvugu. Nami nilikuwa nimemshika bega. Nilimwacha ajilaumu, Mungu anisamehe, na nikamletea chai.

Tangu hapo Kibonge, aliyekuwa akiniita dada, ananiita Matroni. Hajawahi kuitaja siku ile. Angenitukana angalau ningepata pa kujitetea. Nilijiona muuaji, nikajikanya nisijione hivyo, halafu nikaenda kuosha madirisha. Kila Ijumaa nilikifungua kile chumba, nikaikung'uta nguo, nikaifuta mashine vumbi kuanzia juu mpaka kwenye plagi, nikafunga. Mtu angedhani nimeshika adabu. Wapi.

Basi ikatangazwa kwamba wageni wanakuja. Kanisa zima tukashikwa na kiherehere. Kuta zikapakwa rangi, mashuka mapya yakatolewa, kwaya ikashonewa sare. Fundi wa vipaza sauti vya kanisa, tunayemwita Mzee wa Mitambo, mtu wa mizaha hata kwenye kikao cha wazee, alisema tukiendelea hivi wagonjwa nao watapakwa rangi. Gari la zahanati likasafishwa hadi kwenye matairi, likaenda kuwangoja wageni uwanja wa ndege. Kibonge akanikumbusha kwamba gari hilo ndilo lililokuwa lipeleke mtungi kujazwa. Nikamjibu kwa ukali kwamba tusiwatie watu aibu kwa kuwapakiza pamoja na mitungi, utajazwa wakishafika.

Siku ya ibada kanisa lilifurika. Wageni walikaa mbele, nyuso nyekundu kwa joto, wanatabasamu kwa kila kitu. Kati yao alikuwapo mama mmoja mwenye mvi, muuguzi mstaafu. Tulimpachika jina la Bibi Miwani, maana miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba na alikuwa akiitafuta kila mara. Kwaya iliposimama, nikaona pengo kwenye sauti ya pili. Mama Pacha hayupo. Nilikasirika, nawaambia. Nikasema moyoni, siku kama hii ndiyo anachagua kutuangusha. Simu yangu ilikuwa mkobani, nimeizima kwa heshima ya ibada.

Baada ya baraka tukavuka uwanja kwenda zahanati kwa maandamano, tunaimba. Tukajazana kwenye kile chumba kidogo, wengine wakabaki koridoni. Nikautoa ufunguo shingoni mbele ya watu, nikafungua kwa madaha. Mchungaji akaeleza, kwa lugha yetu na kwa lugha yao, jinsi mashine hii inavyookoa watoto wetu. Nami nikaishika ile nguo kwa ncha mbili, nikaivuta. Makofi yakapigwa.

Bibi Miwani hakupiga makofi. Alivaa miwani yake, akainama, akaigusa ile nailoni juu ya vitufe kwa kidole. Halafu akageuza kichwa kuelekea ukutani. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na sauti ya mtoto anayeguna kila akitoa pumzi, mguno mfupi mfupi wa kuchoka. Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia tangu tunaingia mlangoni. Niliijua ni ya nini. Niliisikia, na niliendelea kutabasamu kwa ajili ya picha.

Yeye akatoka bila kumwomba radhi mtu, nasi nyuma yake. Wodini Mama Pacha alikuwa amekaa kitandani, amevaa sare mpya ya kwaya, pacha aliyebaki mapajani, midomo ya mtoto imegeuka rangi. Kibonge alikuwa amepiga magoti anamkamulia hewa kwa mpira wa mkono wa kupumulishia, jasho linamtiririka. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala kwenye sifuri. Aliinua macho, akaniona nimesimama na nguo nyeupe mkononi.

"Nimekupigia simu mpaka nimekata tamaa," akasema. "Mlango umeufunga wewe."

Hakuna aliyetafsiri, na haikuhitajika. Vijana wa kanisa waliisukuma mashine hadi kitandani, mchungaji mwenyewe akachuchumaa achomeke plagi. Ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Plagi ilikuwa na meno mawili ya mviringo, yaliyotengenezwa kwa ukuta wa nchi nyingine, na soketi zetu hazina matundu ya namna ile. Kumbe tangu ije haijawahi kuchomekwa hata kwa kujaribu. Mimi niliyekuwa naifuta vumbi plagi ile kila Ijumaa, sikuwahi kuyaangalia meno yake.

Bibi Miwani aliitazama plagi, kisha akanitazama mimi. Nimetazamwa vibaya na watu wengi maishani, lakini yeye hakunitazama vibaya. Alielewa tu. Alikiinua kidogo kidevu cha mtoto ili hewa ipite, akampokea Kibonge ule mpira, wakawa wanapokezana.

Mzee wa Mitambo alikuwa ameshatimua mbio. Alirudi na waya wa kinanda cha kwaya, wenye plagi ya huku kwetu, ameukata kwa meno au kwa kisu sijui, akakaa sakafuni na suruali yake ya Jumapili, akaunga waya kwa waya. Hakutania. Akajikata, akaendelea. Nilisimama mlangoni, nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo matroni hapaswi kuyajua. Nilimwambia anichukue mimi. Nilimwambia mmoja anatosha.

Mashine ikanguruma. Kibonge akaweka bomba puani, na sisi sote tukaitazama midomo ya mtoto. Ilichukua muda. Kisha rangi ikarudi, kwanza pembeni, na ule mguno ukalegea, na mtoto akalia kwa hasira. Wageni wakakumbatiana. Mchungaji akalia machozi waziwazi, akaanzisha wimbo, na korido nzima ikaitikia. Mama Pacha aliniomba ile nguo kwa ishara ya mkono, akamfutia mwanawe mate na kamasi.

Mnajua watu wa kanisa. Kabla chai haijapoa, jambo lilikuwa limeshageuka ushuhuda: Mungu amewaleta wageni kwa saa yake, mashine imeokoa mtoto wakiwa wanaona kwa macho yao. Nikapongezwa. Mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono, akanisifu kwa kuitunza ikabaki kama imetoka dukani leo. Niliitikia asante. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Wageni walipoondoka Bibi Miwani alinivuta kando, karibu na gari. Aliongea polepole lugha yake, ile ya kuwahurumia wasioijua vizuri. Aliniuliza kama kabla ya huyu alikuwapo mwingine. Nilielewa vizuri sana. Nikamwambia hapana. Akanibusu shavuni, akapanda gari, akanipungia hadi walipokata kona.

Hiyo hapana ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeyavumilia yote tangu wakati wa mvua, lakini baada ya neno lile sikuweza kumeza chakula. Mume wangu alidhani naumwa. Nilivitoa vile vikombe kabatini, nikamwambia avitumie, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Mtoto alikaa wodini hadi akaacha kukohoa. Siku ya kuruhusiwa nilimkuta Mama Pacha kwenye kile chumba kidogo, maana siku hizi mlango hauna kufuli. Alikuwa na utepe wake, anaipima mashine upya. Alisema ile nguo ya kwanza imechafuka, madoa hayatoki, naye hataki mashine iliyomwokolea mwanawe ikae uchi. Safari hii angetia maua ya bluu. Mtoto alikuwa sakafuni ameng'ang'ania ncha ya utepe, na hakuna aliyekuwa akimnyang'anya.

"Usifume," nikamwambia.

"Kwa nini, Matroni? Sichoki mimi."

Nikaufunga mlango. Nikamwambia yote kwa mkupuo, kwa sababu ningemeza mate nisingesema. "Yule wa kwanza alipokuwa hapa, mashine hii ilikuwapo. Kibonge aliniuliza tuifungue. Mimi ndiye niliyekataa. Wewe hukumchelewesha mtoto, Mama Pacha. Mimi ndiye."

Utepe ulisimama. Nilingoja anipige, na nilitaka anipige. Yeye alibaki ameinama, kidole kikiwa kimebana namba aliyofikia.

"Najua ilikuwapo," akasema. "Si nimeifumia nguo?" Akaonyesha kwa kidevu koridoni, kwenye benchi linaloutazama mlango ule. "Nilikuwa nimekaa pale nimempakata, tukingoja kitanda. Nilikuwa nautazama mlango. Nikataka nije nikuombe, halafu nikasema, ile ni ya wageni, nisimtie Matroni aibu."

Alinyanyuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Ningekuja kukuomba, ungefungua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana. Nilifungua kinywa, na nikamwona tena Kibonge mlangoni pa ofisi yangu siku ile, akiuliza kwa sauti ya chini, na mimi nikimjibu bila hata kuinua kichwa.

Mama Pacha alinipa nafasi ya kutosha. Kisha akaukunja utepe, akautia mfukoni, akamfunga mwanawe mgongoni, akaniomba nisogee apite.