Mshono wa Mwisho wa Sindano

Watu wa karakana walikuwa wamechoka kumsubiri Mpimaji alie. Jamani, kaka yake wa tumbo moja amezikwa, kesho yake yeye huyo kazini, kavaa ovaroli, anauliza jeli iko wapi! Waliompenda walisema amejikaza. Wenye midomo yao wakasema mengine. Ndani yake mwenyewe palikuwa na ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Chakula alikula, usingizi alilala, salamu aliitikia.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana nzima ilimwita Sindano, kwa kuwa mishono yake ya chuma ilinyooka utadhani imepita kwenye cherehani. Kazi yake ya mwisho ilikuwa boila la mvuke la chumba cha kufulia cha hospitali. Alipomaliza aligonga alama yake pembeni mwa mshono, kama kila fundi wa pale afanyavyo, akawasha pikipiki aende nyumbani. Lori likamgonga njiani. Basi, ikawa ndiyo imetoka hiyo.

Sasa boila lilingoja kupimwa.

"Dada, kama huwezi, sema, tutafute mtu wa nje," msimamizi alimwambia.

"Naweza."

"Una hakika?"

"Bosi, niache nifanye kazi."

Kazi yenyewe ni kupitisha kidude cha ukubwa wa kiberiti kandokando ya mshono. Kidude kinapeleka ndani ya chuma sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti ikikuta ufa inarudi, na kwenye skrini kinachomoza kijiti. Isipokuta kitu, skrini inatulia. Lakini sharti upake jeli kwanza, la sivyo sauti haiingii kabisa, na skrini inatulia vilevile! Mtu asiye makini anaweza kupima hewa mchana kutwa akadhani chuma ni kizima.

Mpimaji alizunguka boila lote. Skrini tuli.

"Safi," akasema.

"Si nilijua! Sindano huyo!" Msimamizi akapiga makofi, akamwita dereva asogeze gari. Mama yao alikuwa ameomba apigiwe simu boila likitoka, ajue kazi ya mwanawe imekwenda salama.

Mpimaji akachukua kitambaa afute jeli kwenye mshono. Kitambaa kikatoka kikavu. Asubuhi alikuwa amepaka kwenye kipande cha chuma cha kujaribia mashine; kwenye boila lenyewe, hata tone.

Hakuna aliyeona. Angenyamaza tu, mshono wa kaka yake ungetoka getini mzima na alama yake juu. Lakini kule hospitali kuna wanawake wanaofua mashuka ubavuni mwa boila siku nzima, na mvuke ukipata upenyo haubishi hodi.

"Bosi, narudia."

"Unarudia nini tena? Si umesema safi?"

"Sikupaka jeli."

Msimamizi akamwashiria dereva asubiri.

Safari hii alipaka mpaka ikachuruzika. Karibu na mlango wa boila, kijiti kikachomoza. Akarudi nyuma, akasogea tena: kipo. Akapima kutoka upande wa pili: kipo. Ndipo akakumbuka. Hapo hapo ndipo aliposimama siku ile ya mwisho na bakuli la chakula, akapaza sauti, "Wewe Sindano, njoo ule, au umeshafunga ndoa na hilo boila?" Kaka mtu akainua kofia ya kuchomelea, akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya kula akaunganisha palepale alipoachia, bila kusaga kwanza ile ncha ya mshono. Kosa ambalo kila siku aliwagombeza wenzake kwa ajili yake!

Alichora duara kwa chaki. Grainda ikawashwa, cheche zikaruka, na ndani ya chuma ukaonekana mstari mweusi, mfupi, mwembamba kama unywele. Akautazama, akatoka nje kupiga simu.

"Limeondoka?" mama akauliza.

"Bado, mama. Lina kasoro. Wanakata mshono wa kaka."

"Mwanangu alikosea?"

"Aliachia kazi katikati. Mimi ndiye niliyemwita aje kula."

"Siku ile?"

"Siku ile ile."

Mama akashusha pumzi. "Alikula lakini? Alishiba?"

Mpimaji akachuchumaa ukutani, simu sikioni, vidole vimejaa jeli, na kilio kikamtoka kwa nguvu hata mafundi kule ndani wakazima grainda.

"Mwanangu," mama alikuwa akiita. "Mwanangu, nijibu."

"Alishiba, mama," akasema. "Alikula na changu."