Mlango wa Wazazi

Lidwina Mbano alikuwa amezalisha nusu ya watu wa Songea, na nusu nyingine, alipenda kusema, walizaliwa siku zake za mapumziko. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunga wa serikali. Alipostaafu, nchi nayo ilikuwa imeingia miaka ya ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka la dawa, na sasa, mwaka tisini na mbili, ruksa hata mtu binafsi kufungua kituo cha uzazi. Wastaafu wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye akachukua nyumba yake ya Lizaboni, akatoa makochi sebuleni, akaingiza vitanda vinne.

Wanawake wakaja kama waliotumiwa barua. Tatizo ni kwamba na bwana afya naye akaja.

Jina lake Edmund. Kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, na mfukoni futi ya chuma. Mkononi alishika mwongozo mpya wa vituo vya uzazi, kitabu chembamba ambacho hata kurasa zake zilikuwa bado hazijazoea kufunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone sakafu."

Sakafu ile ilikuwa fahari yake. Saruji nyekundu, imesuguliwa kwa nta kila Jumamosi mpaka unajiona meno. Edmund akaitazama, akamwaga maji kidogo kutoka kwenye kikombe, akaweka kiatu juu yake. Mguu ukakimbia. Kama si Suzana, nesi msaidizi, kumdaka kwapani, ukaguzi ungeishia kwenye kitanda namba mbili.

"Mjamzito akiteleza hapa, mama?"

Lidwina akachukua kitambaa, akayafuta yale maji. Sakafu ikaandikwa. Dari la chumba cha kuzalia likaandikwa, kwa kuwa halikuwepo. Shimo la kondo la nyuma likaandikwa, kwa kuwa lilifunikwa kwa bati na jiwe. Mwisho Edmund akanyoosha futi yake mlangoni.

"Sabini. Mwongozo unataka mlango wa kuingilia wazazi uwe sentimita mia na ishirini. Machela ina upana wake, na watu wanaoishika nao wana mikono. Na pale penye ngazi uweke mteremko." Akafunga kitabu taratibu. "Siku tisini, mama. Nikirudi nikakuta kasoro hata moja, sheria inanitaka nifunge. Sipendi, lakini ndivyo ilivyoandikwa."

Akaondoka kwa baiskeli. Lidwina akakaa juu ya kitanda, akajisikia kama mtu aliyefeli mtihani alioutunga mwenyewe. Mafao yake yote yalikuwa ndani ya kuta zile. Zaidi ya mafao, yalikuwa mazoea: hakujua kuamka asubuhi bila kuwa na mtu wa kumwambia "sukuma".

Kesho yake akamwita Daimu.

Daimu alikuwa fundi, Myao wa Nalasi aliyehamia Ruhuwiko, na ndiye aliyeijenga nyumba ile tangu msingi. Kwa kuwa yeye Myao na Lidwina Mngoni, walikuwa watani, na hapakuwa na kazi waliyowahi kuifanya kwa adabu.

"Mtani, mlango huu ni mwembamba," Lidwina akamwambia. "Ulidhani unawajengea panya?"

"Nilijenga kwa kipimo cha Wangoni. Nyinyi mmezoea kubomoa nyumba za watu. Kuingia kwa mlango ndiyo kwanza mnajifunza."

"Bangua korosho zako huko, uje na nyundo."

Akaja na nyundo. Siku arobaini Daimu alipiga dari, akaikwangua ile sakafu nyekundu ikawa na miparuzo ya kushika mguu (Lidwina alienda sokoni siku hiyo, hakutaka kuona), akajenga shimo zuri lenye mfuniko wa zege. Halafu akabomoa ukuta wa mbele, akachonga fremu pana ya mninga, akatia mlango wa mbao mbili ambao ungepitisha ng'ombe na mchungaji wake. Chini yake akamwaga mteremko wa saruji kutoka barazani mpaka barabarani.

Alipomaliza alijifuta jasho, akachungulia uani.

"Na ule wa nyuma, mtani?"

Sasa hapo ndipo penye kisa. Nyumba ya Lidwina, kama nyumba zote za mtaa ule, ilikuwa na milango miwili, na hakuna mwanamke mwenye uchungu aliyewahi kuingia kwa ule wa mbele. Hata mmoja. Uchungu hautangazwi. Ukianza, unafunga khanga, unatoka na shangazi yako kama mnaokwenda kuchuma mboga, mnapita vichochoroni, mnaibukia migombani, mnabisha hodi uani. Watu wasikuone. Macho ya watu yanachelewesha mtoto, wazee walisema hivyo, Wangoni kwa Wayao, na hata mapadri walikuwa wamechoka kubisha.

Lidwina alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Mlango wa uani ndio mlango wa kuingilia wazazi. Lakini fremu ilikuwa moja, saruji ilikuwa imekwisha, na siku zilikuwa zinakwenda.

"Mwongozo haujataja uani," akajibu.

Daimu akamtazama kidogo, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Lidwina alijaribu, tusimwonee. Alijaribu kuwashawishi wanawake wapite mbele. Leticia, jirani wa nyumba ya tatu na mama mkwe wa binti mmoja mjamzito, akajishika kiuno na kucheka mpaka machozi. "Barazani? Mwanangu apande pale watu wa dukani wanamtazama, kama bibi harusi? Mwenzangu, kile cheo hatukitaki." Baada ya wiki mbili Leticia aligundua kwamba mteremko ule unapigwa jua safi toka asubuhi, akaja kuanika maharage yake. Lidwina hakuwa na moyo wa kumkatalia. Kilichokuwa kinapita pale mteremkoni, basi, ni maharage tu na kuku waliokuja kuyaiba.

Siku ya tisini ikaangukia Jumatano. Alfajiri Lidwina na Suzana wakayazoa maharage, wakafagia, wakaweka meza barazani na birika la chai na sahani ya kandolo, viazi vitamu vya kuchemsha. Saa tatu Edmund akafika.

Akapita chumba hadi chumba. Akamwaga maji sakafuni, akakanyaga, mguu ukatulia. Akatabasamu. Akaona dari, akaona shimo, akatingisha mfuniko. Kisha akapanda mteremko mwenyewe, akasimama kizingitini, akanyoosha futi.

"Mia na ishirini kamili. Huu ndio mlango wa kuingilia wazazi?"

"Ndiyo," Lidwina akasema.

Neno lile lilitoka jepesi. Edmund akainama akaokota kitu penye ufa wa mteremko. Harage moja jekundu.

"La jirani," Lidwina akaongeza upesi. Edmund akalitupia kuku, akakaa kwenye chai yake, akatoa leseni kwenye mkoba. Wakubwa walikwisha kuisaini, imebaki saini yake na muhuri.

Hapo hapo ikasikika hodi ya uani.

Haikuwa hodi ya kawaida. Ilikuwa sauti ya mwanaume, nayo ilikuwa inatetemeka. Lidwina akavuka ukumbi mbio, akafungua mlango wa nyuma, akamkuta Daimu. Daimu yule yule aliyejenga mlango wa mbele kwa mikono yake, aliyejisifu kwa mtaa mzima kwamba mlango ule unapitisha ng'ombe. Alikuwa amemleta mkewe Zabibu kwa baiskeli kutoka Ruhuwiko, kwa vichochoro, mpaka migombani. Na pale migombani Zabibu alikuwa ameketi chini, Halima, dada wa Daimu, amemshika kichwa, hawezi hatua moja zaidi.

"Machela!" Lidwina akaita.

Suzana akaitoa ikiwa imekunjwa, turubai kwenye miti miwili. Ikakunjuliwa, Zabibu akalazwa, Daimu akashika mbele na Halima na Suzana nyuma. Wakaja mbio mlangoni. Miti ikaingia. Vidole havikuingia.

Mlango wa uani hupimwa kwa mama mwenye ndoo kichwani, haupimwi kwa mtu aliyelala. Daimu alisukuma, fremu ikamchuna vidole vya mikono yote miwili, akasukuma tena. Machela ikakwama nusu ndani nusu nje. Kuipindua upande, haiwezekani, juu yake kuna mtu. Kumshusha, haiwezekani, kichwa cha mtoto kilikuwa kimekwisha kushuka, Lidwina alikiona. Miaka thelathini na mmoja, na sasa alikuwa amesimama upande wa ndani wa nyumba yake mwenyewe akishindwa kumwingiza mzazi kwa ajili ya upana wa kiganja. Aliogopa. Aliogopa kama msichana wa siku ya kwanza wodini.

"Ya Rabi," Daimu akasema. "Ya Rabi, mlango wangu mwenyewe."

Aliyeamua ni Zabibu. Akainua kichwa, uso umelowa jasho.

"Nizungusheni mbele!"

"Watu watakuona, wifi," Halima akasema.

"Wanione! Waje na viti!"

Wakarudi kinyumenyume, wakazunguka nyumba. Wakapita mbele ya duka, wanaume wakavua kofia bila kujua kwa nini. Wakapita mbele ya Leticia aliyekuwa na ungo wake wa maharage, akisubiri mkaguzi aondoke. Wakapanda mteremko kwa mwendo mmoja, laini, hakuna ngazi ya kujikwaa. Edmund aliruka na kikombe chake kuwapisha. Machela, Daimu na vidole vyake vyote vikapita katikati ya mlango wa mninga, na pande zote mbili pakabaki nafasi.

Baada ya dakika kumi hivi mtoto akalia. Wa kike, sauti ya kuuza samaki sokoni.

Lidwina alipotoka barazani, mikono imeoshwa, Edmund alikuwa amesimama. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Mama, hongera. Nimekagua vituo vingi, watu wananiambia mlango mpana ni usumbufu. Leo nimeona kwa macho yangu. Ungekuwa ule wa sabini, wangefanyaje wale?" Akampa karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa imesainiwa, imegongwa muhuri, wino bado mbichi. "Nitakwenda kuwasimulia ofisini."

Lidwina akaishika. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa vizuri, Lidwina Mbano, Mkunga. Edmund akafunga mkoba, akaaga kwa heshima, akashuka mteremko, akashika baiskeli. Mambo yalikuwa yamekwisha. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi nyepesi.

Ukumbini Daimu alikuwa ameketi sakafuni, Suzana anamfunga vidole kwa bandeji. Hakuwa anatania. Lidwina alimtazama, akawaza mzazi mwingine, siku nyingine, binti wa uzazi wa kwanza asiye na ulimi wa Zabibu.

"Bwana afya! Rudi."

Akamchukua kwa nyuma, kupitia migombani, njia waliyopita wanawake wote. Akamsimamisha mbele ya mlango wa uani. Damu ya Daimu ilikuwa bado kwenye fremu, kushoto na kulia.

"Huu ndio mlango wa kuingilia wazazi," akasema. "Wote wanapita hapa. Yule aliyejifungua sasa hivi alikwama hapa kwanza. Nilikudanganya, mwanangu, na maharage ndiyo yanayopita kule mbele."

Akamrudishia leseni.

Edmund alinyoosha futi. Sitini na nane. Akasoma mara mbili, akafungua kitabu chake, na Lidwina akahesabu vitanda vyake vinne akilini, nani atavinunua.

"Sheria inasema kasoro moja, nafunga," Edmund akasema mwishowe. Akatazama saa. "Lakini ukaguzi unaisha ofisi inapofungwa, saa tisa na nusu. Na mimi bado sijamaliza chai." Akaikunja leseni, akaitia mfukoni mwa shati. "Huku nyuma ardhi iko sawa na sakafu. Mteremko hauhitajiki. Fremu tu."

"Fremu sina."

"Ipo," Daimu akasema nyuma yao, bandeji mikononi, nyundo begani. "Ipo kule mbele, inaanika maharage."

Wakaing'oa ile ya mninga. Wanaume wa dukani wakaja kushika, maana walikwisha kuona ya kuona na hawakutaka kukosa yaliyobaki. Edmund alivua shati lake la pasi akabeba tofali. Ukuta wa nyuma ulipoanza kubomolewa, Lidwina akakimbilia ndani kumwomba radhi Zabibu kwa ajili ya kelele.

"Wapige tu," Zabibu akasema, mtoto kifuani. "Huyu ni wa fundi, azoee."

"Umesikia, mtani?" Daimu akaita kutoka nje. "Kubomoa ni kazi yenu, leo nimewasaidia!"

"Piga kazi, mbangua korosho!" Lidwina akajibu, akajifuta macho kwa pindo la gauni. Kilichokuwa kikimliza hakikuwa huzuni.

Saa tisa na dakika ishirini Edmund, kifua wazi, vumbi mpaka nyusi, alipima mlango wa uani. Mia na ishirini. Akachukua shati lake, akaitoa leseni mfukoni, imekunjika kidogo, akampa kwa mara ya pili.

Mwezi uliofuata alipita kusalimia. Mbele palikuwa na kimlango kile chembamba cha zamani, na mteremko mzima ulikuwa mwekundu kwa maharage ya Leticia. Akatafuta leseni ukutani barazani, hakuiona, wala sebuleni. Akauliza.

Lidwina akampeleka uani. Ilikuwa imetundikwa ndani ya fremu ya kioo, nje, chini ya upenu, juu ya mlango mpana.

"Huku nani ataisoma, mama? Wageni wanapita mbele."

"Wageni hawazai," Lidwina akasema, na migombani nyuma yao mtu akabisha hodi kwa sauti ya chini.