Mdomo wa Mwenyekiti

Wiki ile mji ulioga. Tuseme ukweli, uliogeshwa, maana wenyewe haukuwa na habari. Chama kilikuwa kimeuchagua kwa mkutano wake mkuu, na ghafla mashimo yaliyozoea kumeza matairi yakazibwa, lakini ya barabara ya wajumbe tu; ukikata kona unarudi kwenye mashimo yako. Miti ilipandwa ikiwa imeshakua. Ombaomba walipakiwa kwenye lori wakapelekwa pasipojulikana, na nyumba zikapakwa rangi upande wa mbele tu, kama mtu aliyenawa uso akasahau shingo. Kila ukuta uliandikwa kaulimbiu ya mkutano: Pumzi Mpya kwa Taifa.

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili hakulalamika hata kidogo. Alikuwa amepata tenda. Picha ya Mwenyekiti, pana kuliko uwanja wa shule, ilichapishwa vipande vipande kwenye turubai zito, na kamati ikamtafuta mtu wa kuviunganisha. Akapewa yeye, na kichwa kikamvimba. Alizunguka mtaa akiwaambia hata wasiotaka kusikia kwamba bila yeye Mwenyekiti angekuwa pua huku, sikio kule. Alishona mishono miwili miwili kwa uzi wa viatu, akamwapia kinyozi wa chini kwamba hata upepo hautapenya. Kitu kimoja tu hakuuliza: picha itatundikwa wapi.

Asubuhi ya mkutano chumba chake kilikuwa giza. Alidhani ni mvua. Alipofungua dirisha mkono ukagonga turubai, akapapasa, na vidole vikautambua mshono wake mwenyewe.

"Mama," akasema, "wametuziba."

Mama yake alikuwa na pumu. Chumba kilikuwa na dirisha hilo moja. Mlango ulifungukia kwenye korido walikopikia majirani, na moshi wa mkaa haukuwahi kuhama humo. Kwa hiyo kiti cha mama kilikaa dirishani, naye alishinda hapo akivuta hewa na umbea wa mtaa kwa pamoja. Sasa alikaa mbele ya turubai, kifua kikipiga filimbi.

Fundi alishuka ngazi mbio. Chini alimkuta Bwana Kamati, msimamizi wa mapambo, ndani ya suti, shingo imeelemewa na vitambulisho.

"Kaka, naomba mtusogezee picha kidogo. Mama hapati hewa."

"Haisogei. Ikisogea, sikio la Mwenyekiti linaingia kwa jirani."

"Basi tutoboe kitundu tu."

"Umtoboe Mwenyekiti?" Bwana Kamati akaangaza huku na huku. "Fundi, umechoka kuishi? Mkutano ukiisha tunaitoa. Mwambie mama avumilie."

"Avumilie kuvuta pumzi?"

"Sote tunavumilia. Unadhani suti hii hainibani?"

Fundi alipanda na hasira zake. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kubadilika rangi. "Mwanangu," alisema, neno moja, pumzi moja, "umeshona... vizuri... mno."

Hilo lilimchoma. Akachukua wembe. Mshono mmoja ulipita katikati ya dirisha, palepale midomo ya Mwenyekiti ilipokutana, na hapo ndipo alipoanza kufumua. Kazi ikagoma. Angeshona ovyo, kama anavyowashonea wateja wake wa kila siku, angekuwa ameshamaliza. Mwishowe mshono uliachia. Akauvuta mdomo wa chini ndani, akaufunga kwenye mguu wa kitanda. Hewa ikaingia. Mama akatoa kichwa nje akavuta, akavuta, na Fundi akajikuta analia kama mtoto.

Ndipo ving'ora vikalia. Msafara ulikuwa unaelekea ukumbini. Wajumbe wenye kofia mpya walitazama juu wakamwona Mwenyekiti ameachama, na ndani ya kinywa chake bibi kizee. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho, wote wakapiga. Mwenyekiti mwenyewe alishusha kioo cha gari, akacheka, akaupungia mkono mdomo wake.

Mchana Bwana Kamati alikuja juu, meno yote nje. "Shikamoo bibi! Wazo langu limependwa sana."

"Lako?" Fundi akauliza.

"Letu. Sasa Mwenyekiti anarudi na waandishi wa habari. Bibi, utasema kwa sauti: Mwenyekiti ametupa pumzi mpya. Basi."

"Na nisiposema?"

"Basi itabidi tushone. Hatuwezi kuacha tundu bila sababu."

"Mama, sema tu," Fundi akambembeleza. Yeye angesema hata mara mia, na vigelegele juu.

Mama hakuwa na haraka. Alivuta hewa yake kwanza. "Mjukuu wangu, pumzi niliyo nayo ni ndogo. Yote naitumia kuishi. Ya kukusifieni haibaki."

Tabasamu la Bwana Kamati likakatika. "Fundi, shona."

Fundi alimtazama mama yake, akaitazama kazi aliyojivunia mtaa mzima, akaona aibu. Akachomoa sindano kwenye kola.

"Hii hapa. Shona mwenyewe."

Ving'ora vilishaanza kusikika kwa mbali. Bwana Kamati akamsukuma bibi kando na kiti chake, akajipenyeza dirishani, akang'ang'ana na turubai. Sindano ilimchoma kidole. Akaibana kwa meno ili apate mkono wa kufuta damu, na wakati huohuo msafara ukasimama chini. Kamera zote zikainuka. Mdomoni mwa Mwenyekiti alikuwamo mtu wa suti, sindano kati ya meno, uzi umening'inia kidevuni, akiushona mdomo huo kutoka ndani.

Safari hii hakuna aliyejua kama apige makofi au asipige. Mwenyekiti hakucheka. Alipandisha kioo taratibu.

Bwana Kamati aliganda, hakwenda mbele wala nyuma. Kutoka gizani nyuma yake ikasikika filimbi ya kifua cha mtu mzima.

"Mwanangu," mama alisema, "mwambie asogee. Ananizibia hewa."