Nusu ya Uwanja

Mume wangu Merv alianguka akikata nyasi kwa mashine. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa uwanja wa mbele, mpaka usawa wa sanduku la barua, na upande wa kulia ukabaki vilevile. Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, mtu mmoja aliizima mashine na kuirudisha bandani. Mimi nilibaki nikiuangalia mstari alioacha: huku nyasi fupi, huku nyasi ndefu. Hapo ndipo alipofika.

Sikulia. Hapa mjini kwetu Mildura watu wakiona mjane halii wanamletea chakula, na friji yangu ikajaa mabakuli ya nyama ya kondoo na viazi ambayo sikuwa na hamu nayo. Nilitaka kitu kimoja tu, mstari ule usiguswe. Najua nyasi zingekua na ungefutika wenyewe. Lakini ungefutika polepole, nami nikiwa hapo nautazama.

Niliporudi kutoka mazikoni nilikuta uwanja wote umenyolewa kama kichwa cha kuruta.

Dada yangu Glenys, aliyekuja kutoka Adelaide kukaa nami, ndiye aliyejua kilichotokea. Simu haimtoki mkononi.

"Ni Darren wa nyumba ya jirani," akasema. "Ndiyo maana hakuonekana makaburini. Kajirekodi akikata, kairusha kwenye Wema wa Leo."

"Ndiyo nini hiyo?"

"We nawe. Ile tovuti watu wanakoweka mambo mema waliyofanya. Umemlipia mtu kahawa, umembebea bibi kizee mizigo, unarusha, watu wanakupa mioyo."

"Na yeye kapewa?"

"Hadi basi. Umekuwa maarufu, mdogo wangu."

Nikaichukua simu. Video ilianza kabla mashine haijawashwa. Darren alipiga picha uwanja mzima, taratibu, akisema kwa sauti ya chini kwamba jirani yake hakujaliwa kumaliza, basi yeye atammalizia. Na mstari ulikuwepo, wazi kabisa. Kisha mashine ikanguruma, nikaizima video.

Nilimwomba Glenys anifundishe kuipata kwenye simu yangu. Tangu hapo kila asubuhi nilitazama mwanzo wake, nikaizima kabla ya mngurumo, nikarudia. Sikusikia uchungu wala faraja. Ila ndicho kitu pekee kilichonitoa kitandani, maana picha nyingine ya ule mstari haikuwepo duniani.

Glenys alidhani najitesa. "Utaugua, Noelene," alikuwa akisema. Habari za mstari nilishamwambia, lakini kwa nini naitazama sikuwa na nguvu za kumweleza. Siku moja akaenda kwa Darren bila kuniaga, akamwambia ni mstari gani alioufuta siku ile.

Jioni Darren akaja mlangoni, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mama, sikujua. Nilidhani nakusaidia."

"Najua, Darren."

"Na sifa nilizitaka pia, nisikudanganye."

"Nani hazitaki?"

"Basi ile video nimeifuta. Kule kwenye tovuti, na kwenye simu yangu pia. Nimehakikisha haipatikani popote. Hutaiona tena mpaka mwisho wa maisha yako."

Nyuma yangu Glenys akashusha pumzi. "Hapo umefanya la maana, kijana."

Nilishikilia mlango. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, lakini yangemrudishia nani nini? Alisimama pale jibaba zima, akinitazama usoni kama mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa.

"Asante," nikamwambia. "Umenifanyia wema."

Akatabasamu, akavaa kofia yake, akaenda. Glenys akaniuliza kama atupashie viazi, nikamwambia apashe. Nikafunga mlango, na hapo ndipo Merv akawa amekufa.