Turubai la Wageni

Yudith, mwalimu wa michezo wa chuo kimoja pale Raskazone, Tanga, alishinda juani akichora mistari ya uwanja kwa chokaa ya kuazima. Kesho yake wakaguzi wa ligi ya vyuo wangekuja kuamua kama timu yake, isiyo na hata nyavu za goli, inafaa kujiunga nayo.

Asubuhi alikuta mkuu wa chuo, Bwana Uweso, amesimamisha turubai la harusi katikati ya uwanja. Pilau la mbuzi lilitokota kwenye eneo la penalti, na wachezaji wake walikuwa wakimenya vitunguu.

"Mkuu, hawa wanakuja kukagua uwanja!"

"Mgeni hapokewi juani, mwalimu. Tutaonekanaje sisi watu wa Tanga?"

Wakaguzi walikula, wakasifu, wakaongezwa. Wakati wa kuaga, mmoja wao alimvuta Yudith pembeni huku akijifuta mafuta mdomoni.

"Chakula hatujapata kuona mfano wake, mwalimu. Ila ligi, mtusamehe. Uwanja hatujauona."

Yudith alimgeukia mkuu wake kwa hasira. Bwana Uweso alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Mwakani," akasema, "tutachinja ng'ombe."