Kitu Chekundu Sikioni mwa Mama

Mimi ndiye niliyesema ni kupe. Mwaka ule wa hamsini na nne nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nipo tu Garsen natazama malori yakipita, na nyumbani kila mtu ananiona najua mambo. Mama yangu, Batula, alikuwa analalamika miezi na miezi kwamba sikio la kushoto linapiga, du, du, sawasawa na moyo wake, na kwamba hasikii watu vizuri. Siku moja nikamgeuza kichwa juani. Ndani kabisa nikaona kitu chekundu, kimevimba. Na sisi tunaishi na ng'ombe, kupe huingia sikio la mtu kama la ndama. Sikufikiri mara mbili.

Nikamwita Dida, Muorma anayewatoa ndama kupe kwa kibano. Akamtania mama, akimwita kwa jina langu, "Mama Tuneya, kupe wako amenona kuliko ng'ombe zangu." Mama akacheka. Mimi nikashika kichwa, Dida akavuta.

Damu ilimwagika, tukalowesha leso mbili na bado inatoka. Dida akasema huyu si kupe, huyu ana mizizi.

Pale zahanati wakashindilia pamba, wakatuandikia barua ya Mombasa. Siku mbili juu ya lori. Daktari Mzungu akanieleza kwa Kiingereza: ni uvimbe wa mishipa ya damu, maisha yake yote ameuona mmoja tu. Atapasua, ila mshipa unaoshika uso unapita hapohapo, huenda uso ukaanguka. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema utapona. Akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa.

Alitoka upande wa kushoto wa uso umelala, jicho halifungi, chai inamvuja mdomoni. Siku ya kumi daktari akaniita. Kipande kimebaki, kimeshikana na mshipa mkubwa, akikigusa mama atamfia mezani. Kitakua tena. Miaka mitatu, miaka kumi, hajui.

Nikarudi kitandani. Safari hii uongo ulinikataa.

"Kimebaki, mama. Daktari anaogopa kukitoa."

Akaligusa shavu lililolala.

"Na huu uso, ulijua?"

"Nilijua."

Hakuniambia kitu tena mpaka Garsen.

Watu walijaa uani, Dida amesimama nyuma yao, haingii. Mama akawaambia kwa nusu mdomo kwamba kimetoka chote. Dida alishusha pumzi, akaja kumpa mkono. Walipotawanyika nikamuuliza mama kwa nini.

"Nikisema kimebaki, wataleta mwingine wa kukitoa. Nimechoka kutolewa."

Basi sikupanda tena lori lolote kuondoka Garsen, nikabaki naye. Kila asubuhi namfunga jicho kwa kitambaa vumbi lisiingie, tunateremka shambani kando ya mto, na njiani watu wanampa hongera. Yeye siku hizi hawasikii wakiwa upande ule, kwa hiyo naitikia mimi.