Mfupa Bila Mzigo

Nilikuwa na urefu wa futi sita na inchi mbili. Nasema nilikuwa kwa sababu mtu wa kiti cha magurudumu hapimwi hivyo tena. Miaka mitano iliyopita, pale Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, nilianguka kutoka juu ya lori nikiwa na robota la mitumba mgongoni. Robota likanifuata. Uti wa mgongo uliumia chini ya mbavu, na tangu siku hiyo, kutoka kitovuni kwenda chini, sina habari. Ukinichoma sindano pajani nitakuuliza unafanya nini.

Watu hudhani ninachokosa ni kutembea. Nimetembea sana maishani, tena na mizigo ya wengine. Ninachokitamani ni kusimama karibu na mke wangu. Aciro alikuwa ananifika kidevuni. Nilikuwa naona mahali nywele zake zinapogawanyika, na kovu dogo alilolipata utotoni huko Kitgum. Sasa naona fundo la kitenge chake. Miaka mitano naongea na tumbo la mke wangu.

Tumeishi pamoja miaka kumi na tisa bila kwenda kanisani. Mwaka huu padri wa parokia yetu hapa Bwaise alitangaza kwamba wote wanaoishi hivyo wafungishwe ndoa siku moja. Aciro aliandikisha majina yetu kabla sijamaliza chai. Nilimuuliza kitu kimoja tu: wakati wa kiapo, watu husimama au hukaa?

"Husimama," akasema.

Zilibaki wiki saba. Jumatano iliyofuata nilikwenda kliniki kwa Victoire. Huyu ni Mkongomani, mtu wa Bukavu, kazi yake ni mazoezi ya viungo. Ananiita Papa Laker, kwa jina la binti yetu. Ana ubao mrefu kama kitanda, wenye mikanda ya kifua, kiuno na magoti. Unalazwa, unafungwa, halafu ubao unainuliwa upande wa kichwa polepole mpaka miguu ianze kubeba uzito.

"Nataka kusimama kwenye arusi yangu," nikamwambia.

"Kwa nini hukuja zamani, Papa? Unajua mfupa unafanya nini ukikosa kazi?"

"Unapumzika."

"Unaisha. Mwili unaona haubebi kitu, basi unaupunguza kidogo kidogo. Hasa hapa juu ya goti. Misuli pia. Angalia paja lako, halafu angalia mkono wako. Ni kama vya watu wawili."

Alisema kweli. Mikono yangu ni ya mbeba mizigo mpaka leo. Paja langu lilikuwa jembamba kama la mtoto wa shule.

Alinifunga, akaniinua kidogo tu, kama mtu aliyeegemea mito. Nikakaa hivyo dakika kumi. Akasema niote jua la asubuhi, nile mukene, wale dagaa wa hapa kwetu, na nirudi kila Jumatano na Ijumaa.

"Na kusimama wima?"

"Kwanza nataka picha ya mifupa. Ikiwa mizuri, labda miezi sita. Labda minane. Na yale yaliyokwisha hayarudi yote, nisikudanganye."

"Arusi ni wiki saba."

"Basi utaoa umekaa. Wapo wanaooa wamelewa."

Nilikwenda mara nane. Mara ya nane ubao ulikuwa umefika nusu tu, na ile picha nilikuwa sijaipiga. Kila mara ubao ulipoinuliwa niliwaona watu wa mapokezi wakizidi kushuka kidogo, nikaona juu ya kabati lao, nikaona vumbi la huko, na nikatamani zaidi. Ni vibaya kumpa mtu nusu. Sisi wa Kikuubo tulifundishwa hivyo. Mzigo hauinuliwi nusu. Unachuchumaa, wenzako wawili wanakuwekea mgongoni, mnahesabu, na kwenye tatu unapanda moja kwa moja. Anayesita katikati ndiye anayevunjika. Nilibeba miaka ishirini kwa sheria hiyo, na siku niliyoanguka sikuwa nimeivunja.

Kwa hiyo niliwaita wenzangu wa zamani. Ojara ni Mwacholi kama mimi, mfupi, mpana kama mlango. Pitshou ni Mkongomani, mwembamba, lakini hubeba kuliko wote. Walikuja Jumamosi mchana. Aciro alikuwa amekwenda bombani.

"Musawo wako, yule daktari wa mazoezi, anajua?" Ojara akauliza.

"Yeye hajawahi kubeba gunia."

"Mukubwa, wewe si gunia," akasema Pitshou.

"Gunia lina kilo mia. Mimi sifiki sabini. Unaogopa?"

Tulipanga kama zamani. Ojara nyuma, mikono chini ya makwapa yangu. Pitshou mbele, amenishika mkanda wa suruali, na magoti yake yanabana magoti yangu yasikunjike. Nikahesabu mwenyewe. Kwenye tatu nikapanda.

Ukuta ulishuka. Dirisha likashuka. Nikaona juu ya kabati letu, nikaona sufuria niliyodhani iliibiwa. Kichwa kilizunguka, masikio yakavuma, lakini nilikuwa juu. Pitshou alikuwa ananiangalia kutoka chini, kama zamani.

Hapo Aciro akaingia na dumu la maji. Aliliweka chini. Nilingoja anitukane, na alikuwa na haki. Hakunitukana. Alikuja polepole, Pitshou akasogea pembeni kumpisha, ameshika mkanda bado, na Aciro akasimama mbele yangu mpaka paji lake likagusa kidevu changu. Kovu lilikuwa palepale.

"Kumbe ulikuwa mrefu hivi," akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Nilikuwa natamani dakika ile iwe ndefu, na nilijua Ojara anachoka, nilimsikia anavyopumua. Pitshou alipojisogeza kumpisha, goti lake lilikuwa limeacha goti langu la kushoto. Mguu ukajipinda na uzito wote ukaenda huko. Tukasikia mlio mmoja, mkavu, kama muwa unapovunjwa.

"Nini hiyo?" Aciro akauliza.

"Kiti," nikasema.

Sikudanganya. Sikusikia maumivu popote, kwa hiyo nilidhani ni kiti. Walinikalisha, tukanywa chai, tukacheka habari za Kikuubo. Siku iliyofuata nilianza kutoka jasho usoni bila joto. Miguu ilirukaruka kuliko kawaida. Jumatatu Aciro aliponivua suruali, goti la kushoto lilikuwa kama boga, na la moto.

Hospitalini walipiga picha. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu ya goti. Victoire alikuja, akaiweka picha kwenye mwanga. Mimi si msomi, lakini hata mimi niliona. Mifupa yangu ilikuwa hafifu, kama maandishi ya kalamu inayokwisha wino.

"Nani alikuinua?" akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Papa Laker, usinifanye mjinga."

Nikamwambia yote. Akaishusha picha.

"Nilikuwa naipa mifupa yako kazi kwa kijiko," akasema. "Wewe umeimwagia sufuria. Miezi mitatu mguu huu hausimami. Baada ya hapo tutaona kama utawahi kusimama tena. Mikono tutaendelea nayo."

Walinifunga mguu kwa ubao wenye sponji nyingi, kwa sababu ngozi yangu haijui kulalamika. Nyumbani nikamwambia Aciro tuahirishe.

"Majina yamesomwa kanisani Jumapili mbili," akasema. "Yakisomwa ya tatu na wewe hupo, watasema umekimbia."

"Nikimbie na nini?"

Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akasema, "Baba Laker, mimi nilipata yangu siku ile uliposimama. Uliyeharakisha ni wewe. Sasa twende."

Tulikwenda. Tulikuwa jozi kumi na mbili, na mimi nilikuwa mwisho wa mstari, mguu umenyooka mbele kama bunduki. Katekista alikuwa amemwekea Aciro kiti kando yangu, ili tulingane. Ni mtu mwema. Padri akasema bibi na bwana arusi wasimame. Wote wakasimama. Aciro akavuta kile kiti akae.

"Usikae," nikamwambia.

"Watu hawatajali."

"Najali mimi. Simama, Aciro."

Akasimama. Alikuwa amevaa nyeupe ya kuazima, imembana mabegani. Nikamshika mkono, nikainua uso. Nilikiona kidevu chake, pua yake kutoka chini, na mbao za dari nyuma ya kichwa chake. Kila neno la kiapo nililisema nikitazama juu, na sikuruka hata moja, na wakati wote nilitamani kuwa kule alikokuwa yeye.

Shingo iliniuma mpaka jioni.